Sahihi ni Sahihi

Saa 3:20 asubuhi ya Jumatatu, tarehe 11 Machi 1996, katika mapokezi ya Hoteli ya Ngiri Watatu, Mikumi, iligunduliwa kamba ya katani ikining'inia peke yake kama mkia uliopotelewa na ng'ombe.

Aliyeigundua alikuwa Makarius, karani wa muda wa Ofisi ya Kazi, Kilosa. Umri, miaka ishirini na mitano. Suruali ya heshima, moja. Kalamu mfukoni, tatu, mbili zikiwa zimekauka. Ncha ya juu ya kamba ilifungwa kwenye msumari ukutani. Ncha ya chini ilipaswa kuwa na daftari la zamu la walinzi, kitabu cha jalada gumu, kinene kama tofali. Daftari halikuwapo. Ilikuwapo ncha tupu, nyuzi zake zote zikiwa na urefu mmoja.

Makarius aliinama akaitazama kwa uzito wa daktari anayetazama ulimi.

"Hii haikukatika," alitangaza. "Imekatwa. Kwa mkasi."

"Panya," alisema Ulimboka, karani wa mapokezi, kutoka nyuma ya kaunta.

"Panya wa Mikumi wana mkasi?"

"Ndugu yangu, Mikumi hii hata tembo wanafungua milango."

Neno hilo la tembo halikuwa utani. Siku mbili nyuma, alfajiri ya Jumamosi, yapata saa kumi na moja, tembo dume alitoka hifadhini, akavuka barabara kuu bila kutazama kulia wala kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye ghala la hoteli ambamo mikungu ya ndizi mbivu ilikuwa ikimwita tangu Ijumaa. Mlinzi wa zamu, Budeba, mtu mzima aliyehamia kutoka Usukumani, alimpigia debe la bati ili kumfukuza. Tembo akaudhika, akausukuma ukuta wa ghala, na ukuta ukamwangukia Budeba kwenye mguu wa kulia. Mfupa ulivunjika mara mbili.

Daktari wa hospitali ya Mikumi alimfunga mbao, akasema wazi: mguu huu upasuliwe hospitali ya mkoa, Morogoro, kabla Ijumaa haijaisha. Ukichelewa utaunga kombo, na mwenyewe atatembea upande upande mpaka kufa kwake. Kilichotakiwa ni barua ya mwajiri ikikubali kwamba Budeba ni mfanyakazi wake na ameumia kazini, ili gharama zilipiwe.

Mwajiri alikuwa Mzee Elineema, aliyeinunua hoteli mwaka uliotangulia, serikali ilipokuwa ikiuza mali za mashirika yake kwa yeyote mwenye mkoba. Mzee Elineema alikataa kuandika barua. Alisema hana mfanyakazi anayeitwa Budeba.

Ndipo Jumapili jioni Fabiola, mke wa Budeba, alipofika Kilosa mpaka mlangoni kwa Afisa Kazi, Bi Agnesi. Na Jumatatu basi la kwanza likambeba Makarius akiwa na maagizo mafupi: "Niletee mkataba wake. Niletee daftari la zamu. Na Makarius, usiniletee vichekesho."

Onyo hilo lilikuwa na historia. Katika shule ya bweni alikosoma, Makarius aliwahi kusimama mstarini akasoma tanzia ya jogoo wa mkuu wa shule, kwa sauti ya huzuni kiasi kwamba walimu wawili walivua kofia kabla hawajaelewa. Ofisini hakuwa amepona. Lakini mwezi ule alijitahidi kuwa mtu mzima, kwa sababu moja tu: juu ya meza ya Bi Agnesi, katika trei ya mbao, ilikuwapo barua ya kumwajiri yeye Makarius moja kwa moja, baada ya miaka miwili ya ukarani wa muda. Ilikuwa imepigwa taipu, ina muhuri, ina kila kitu. Ilikosa sahihi ya Bi Agnesi tu.

Tena kesi hii aliiona kama mali yake. Tarehe 8 Aprili 1995, hoteli ilipopata mwenyewe mpya, ni yeye aliyetumwa kuwasomea wafanyakazi mikataba yao na kusimamia utiaji wa sahihi. Aliikumbuka siku ile vizuri. Walikula mbuzi. Watu walicheka sana.

*

Saa 3:45. Ofisi ya mwenye hoteli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umekuja kutafuta nini kwenye hoteli ya watu?"

"Mkataba wa Budeba."

Makarius alitarajia danadana. Badala yake Mzee Elineema alifungua droo, akautoa, akaulaza mezani kama mtu anayetandaza karata ya ushindi.

"Soma. Jina lake hilo. Kazi, mlinzi. Sahihi ya mwajiri, yangu hiyo. Sasa shuka chini. Sahihi ya mfanyakazi iko wapi?"

Makarius alishuka chini. Palikuwa na mstari wa nukta, lakini jina la mtu juu yake halikuwapo, wala dole gumba. Aliona alama mbili za vema tu: moja ya penseli nyekundu, juu pembeni, na nyingine ya wino wa bluu, chini kulia, kwenye zile nukta. Yeye ndiye aliyekagua mikataba yote siku ile na kuipigia vema, kwa hiyo alizitambua zote mbili kuwa zake. Hata alijipongeza kwamba alikagua mara mbili.

"Mkataba usio na sahihi," alisema Mzee Elineema, "ni karatasi ya kufungia karanga. Ukitaka, uchukue."

"Basi miezi kumi na moja Budeba alikuwa akifanya nini hapa?"

"Alikuwa anaota moto na wenzake. Nilimhurumia."

"Na koti la mlinzi?"

"Nilimpa kwa sababu ya baridi."

"Baridi ya Mikumi, mzee?"

"Kijana," alisema Mzee Elineema, "nimewaambia wote: atakayesema ameajiriwa na aonyeshe sahihi. Biashara siyo shirika la umma. Enzi za kwenda kwa mazoea zimekwisha."

Mtu wa kwanza wa kushukiwa alikuwa tayari ameketi mbele yake, amevaa tai. Lakini Makarius alipotoka nje aliliona pikapu la mzee limeegeshwa, akaligusa boneti, akaunguza vidole viwili. Mlinzi wa lango alithibitisha: mzee aliingia saa 3:10, akitokea Morogoro, akashuka moja kwa moja ofisini. Dakika kumi, na mkononi mkoba tu. Makarius alinyonya vidole vyake kwa masikitiko. Mtu aliyefaa kabisa kuwa mwizi hakuwa mwizi.

*

Saa 4:15. Jikoni.

Mpishi Hildegarda alikuwa mama mnene, mpole, mwenye mwiko ambao haukuwa mpole. Miguuni pake jiko la mkaa lilikuwa linafuka, na ndani ya majivu Makarius aliona karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiingie na viatu."

"Mama, daftari la zamu mara ya mwisho uliliona lini?"

"Leo saa kumi na mbili na nusu. Ufunguo wa stoo unakaa msumari uleule. Nilipoutundika, daftari lilikuwapo."

"Na karatasi hizi za jikoni?"

Hildegarda alimtazama, akalitazama jiko, akaanza kutikisika kwa kicheko bila sauti. "Unadhani nimelipika? Hizo ni za daftari la hesabu la mjukuu wangu. Alipata sifuri. Nimemfichia aibu."

Makarius alichokoa kwa kijiti. Kweli, karatasi zilikuwa za miraba, na pembeni ilibaki sifuri moja nzima, ya wino mwekundu, imegoma kuungua.

"Mama, Budeba alikuwa mfanyakazi wa hapa au alikuwa anaota moto?"

Kicheko kikakatika. Mama Hildegarda aligeukia sufuria.

"Mwanangu, mimi nina wajukuu wanne. Usiniulize hilo. Liulize daftari."

"Daftari halipo."

"Basi litafute," alisema, bado amempa mgongo. "Daftari halina wajukuu."

*

Saa 4:50. Mapokezi.

Ulimboka alisimama kumpokea, na kusimama kwenyewe hakukumwongezea kitu. Kidevu chake kilibaki palepale usawa wa kengele ya kaunta. Makarius aliona jambo hilo kuwa la kuchekesha, akaliacha lipite. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku ile.

"Uliingia kazini saa ngapi?"

"Saa mbili kamili. Nikakuta kamba tupu."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Daftari lenyewe lina faida gani? Kila siku maneno yaleyale. Usiku salama, hakuna tukio. Usiku salama, hakuna tukio. Hata hiyo Jumamosi ungelisoma, lingekuambia usiku salama."

"Unalijaza wewe?"

"Taarifa naandika mimi, asubuhi, mlinzi akitoka zamu. Yeye anatia sahihi yake, mimi natia yangu." Hapo uso wa Ulimboka uliangaza. Akachukua karatasi, akatia sahihi yake bure, bila kuombwa: konokono mwenye mikia mitatu na nukta mbili. "Niliibuni nikiwa darasa la saba," alisema.

Juu ya kaunta, kando ya konokono, ulikuwapo mkasi wa kukatia stakabadhi. Makarius aliunyooshea kidole. Ulimboka akasema mkasi huo kila mtu anautumia, hata wageni wanaokata kucha.

*

Saa 6:10 mchana. Hospitalini.

Budeba alilala kitanda cha tatu kutoka dirishani, mguu kati ya mbao mbili, uso umelowa jasho. Fabiola, aliyerudi kutoka Kilosa kwa basi lilelile la asubuhi, alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana karani." Budeba alitabasamu kwa shida. "Wewe nakukumbuka. Siku ile ya mbuzi. Ulituchekesha sana."

Makarius alijisikia vizuri. Ni jambo la aibu kuliandika, lakini ndivyo alivyojisikia.

"Mzee, mkataba wako nimeuona. Hukutia sahihi."

"Nilitia."

"Haipo, mzee."

"Nilitia, bwana karani. Labda haikuwa nzuri. Naomba unisamehe, mimi natumia mkono wa kushoto, na ilikuwa mara yangu ya kwanza."

"Huenda umesahau. Maumivu..."

"Mume wangu kavunjika mguu," alisema Fabiola bila kuacha kupepea, "hajavunjika kichwa. Akisema katia, katia."

"Mama, mimi nilikuwapo."

"Kama ulikuwapo, mbona unatuuliza sisi?"

Makarius alimgeukia Budeba. Aliuliza kuhusu alfajiri ya Jumamosi. Budeba alieleza: tembo, debe, ukuta, kisha wakambeba kwa mkokoteni, na jua lilipochomoza alikuwa tayari juu ya kitanda hiki. Hakupata hata nafasi ya kurudi mapokezi kukabidhi zamu.

"Hukutia sahihi kwenye daftari asubuhi ile?"

"Ningetiaje? Ndiyo siku pekee." Jambo hili lilionekana kumuuma Budeba karibu sawa na mguu. "Miezi kumi na moja sijakosa."

Makarius alikuwa amefika mlangoni wodi iliposimama ghafla, yaani yeye ndiye aliyesimama. Kama Budeba hakurudi kukabidhi zamu, ni nani aliyeandika kwamba usiku ule ulikuwa salama?

*

Saa 9:40 alasiri. Mapokezi tena.

Makarius aliwaita wote. Mzee Elineema alikuja akitazama saa yake. Hildegarda alisimama mlangoni na mwiko. Ulimboka alikuwa ameketi.

"Ndugu Ulimboka," alianza Makarius, mikono nyuma, "asubuhi uliniambia kwamba daftari lingesema Jumamosi ilikuwa usiku salama."

"Nilisema mfano tu."

"Taarifa unaiandika mlinzi akitoka zamu. Jumamosi mlinzi alitoka zamu kwa mkokoteni. Tembo kabomoa ukuta, hoteli nzima imeamka. Ni nani mwenye akili timamu angeandika asubuhi ile kwamba hakuna tukio? Hakuna. Basi iliandikwa kabla. Simama, tafadhali."

"Kwa nini?"

"Nataka kuona jambo."

Ulimboka alisimama. Hakuongezeka.

"Binadamu akisimama hurefuka," alisema Makarius kwa sauti ya mahubiri. "Wewe peke yako, Mikumi nzima, ukikaa na ukisimama ni sawasawa. Mama Hildegarda, nisaidie kuinua huo mto wa kiti."

Hildegarda aliuinua kwa ncha ya mwiko. Chini yake lililala daftari la zamu, likiwa na kipande cha kamba ya katani shingoni, na joto la aliyelikalia.

Kisha Ulimboka alirudi kukaa, safari hii akiwa mfupi, akaanza kulia kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Nilikuwa najaza mwezi mzima siku moja," alisema. "Taarifa na sahihi. Tangu mwaka jana. Usiku ulikuwa salama siku zote, sasa mtu aandike nini kipya? Mpaka tarehe 31 nimekwisha kusaini. Niliposikia pale langoni kwamba Afisa Kazi analitaka daftari, nikajua nimekwisha. Watasema mtu kavunjwa na tembo, Ulimboka kasaini usiku salama."

"Kwa nini hukulichoma?" aliuliza Hildegarda.

"Nilishindwa. Sahihi yangu imo zaidi ya mara mia tatu."

"Na Budeba?" aliuliza Makarius. "Hukumfikiria Budeba?"

"Wallahi sikumlenga Budeba! Yeye alitokea tu katikati!"

Makarius, akiwa amesimama kwa ushindi, alilifungua daftari mbele ya watu wote. Tarehe. Jina la mlinzi. Taarifa ya usiku. Sahihi ya mapokezi: konokono, konokono, konokono. Kisha jicho lake likaangukia safu ya mwisho, SAHIHI YA MLINZI.

Palikuwa na alama za vema. Moja kila mstari wenye jina la Budeba, za wino wa bluu, ukurasa baada ya ukurasa, zote zikiwa zimelalia upande usio wake, mkono mrefu kushoto na mfupi kulia, kama zilivyo alama za mtu wa mkono wa kushoto. Kwenye mstari wa usiku wa kuamkia Jumamosi kisanduku kilikuwa kitupu.

Alilifunga.

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Elineema.

"Hakuna kitu," alisema Makarius. Usiku salama, hakuna tukio.

*

Jumanne alimkabidhi Bi Agnesi mkataba na daftari, akasimulia habari ya mto wa kiti, na Bi Agnesi, ambaye huwa hacheki, alivuta pumzi kwa pua, jambo ambalo ofisini lilihesabika kama kicheko. "Kazi nzuri," alisema. "Kesho kikao saa tatu. Baada ya hapo tutaangalia ile barua yako."

Jioni hiyo, katika chumba chake cha kupanga Mabwerebwere, Kilosa, Makarius alipikiwa wali na mama mwenye nyumba akaurudisha nusu. Mama mwenye nyumba aliuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Alikuwa ameikumbuka tarehe 8 Aprili yote, siyo vipande vya mbuzi tu.

Alikuwa ameharakisha kusoma mikataba kwa sababu nyama ilikuwa inapoa. Alipofika mwisho alisema, "Atakayekubali atie sahihi hapa chini." Mtu mmoja mzima, ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto, alinyanyuka akauliza kwa adabu: "Bwana karani, sahihi ipi?" Makarius hakumpa hata shikamoo. Alisema kwa sauti ya kuigiza mwalimu, ili wote wasikie: "Sahihi ni sahihi! Ulisoma wapi wewe?"

Nyumba nzima ilicheka. Yule mtu alicheka pia, kwa adabu, kisha akaketi na karatasi yake.

Alama ya penseli nyekundu ilikuwa ya Makarius. Alama zake zote siku ile zilikuwa za penseli nyekundu, kwa sababu wino wa kalamu zake ulikuwa umekauka, kama kawaida. Ile ya bluu kwenye mstari wa nukta hakuwa ameiweka yeye.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hawakusema usaha huo unaweza kutumbukia mguuni mwa mtu mwingine.

Angeweza kunyamaza. Daftari lilikuwa limepatikana, mwizi alikuwa amepatikana, barua ilikuwa kwenye trei. Alilala kwa hesabu hiyo, yaani hakulala.

*

Jumatano, tarehe 13 Machi, saa 3 kamili asubuhi, ofisini Kilosa. Mezani aliketi Bi Agnesi. Upande mmoja Mzee Elineema na Ulimboka. Upande wa pili Fabiola, ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Makarius aliandika kumbukumbu za kikao.

"Mzee Elineema," alisema Bi Agnesi, "wewe unasema mkataba usio na sahihi si mkataba."

"Nasema, mama, na dunia nzima inasema."

"Mkataba wa kazi hauzaliwi na wino. Mtu amekuja kazini, umempokea. Umempa koti, umempangia zamu, ametii. Umempa ujira mkononi, amepokea. Hapo mmekwisha kufungana. Karatasi ni shahidi wa mambo hayo. Na shahidi akiwa bubu tunaita mwingine. Huyu hapa." Akaligonga daftari. "Miezi kumi na moja ya zamu."

Mzee Elineema hakuwa mjinga. Alilivuta daftari, akavaa miwani, akatabasamu.

"Mama, hapa naona sahihi za Ulimboka, ambaye amekiri mbele yako kwamba anaandika mambo yasiyotokea. Na kwa mlinzi naona vema. Vema! Hata mtoto anaweka vema. Nani anajua kama si huyuhuyu Ulimboka aliyeziweka zote siku moja, akiwa amekaa?"

"Sikuziweka!" alisema Ulimboka.

"Na nani atakuamini wewe?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Fabiola aliinua uso.

"Leo ni Jumatano," alisema, kwa yeyote aliye tayari kusikia.

Bi Agnesi aligeuza mkataba. "Kuna alama ya vema hapa pia. Nilidhani ni ya ofisi."

"Ni ya ofisi," alisema Mzee Elineema haraka. "Huyu kijana alikagua. Muulize."

Makarius aliandika katika kumbukumbu: *Karani alisimama.* Kisha akasimama.

"Ya juu ni yangu," alisema. "Ya chini si yangu. Ni sahihi ya Budeba."

"Vema ni sahihi tangu lini?" aliuliza Mzee Elineema.

"Tangu nilipomwambia hivyo mimi." Sauti yake ilitoka nyembamba, bila maigizo. "Aliniuliza sahihi ipi. Nilipaswa kumjibu: andika jina lako. Nikamfanyia mzaha. Nikamwambia sahihi ni sahihi, ulisoma wapi wewe. Akaweka sahihi anayoijua."

Fabiola aliachia kanga. "Alisoma elimu ya watu wazima," alisema taratibu. "Mwalimu alikuwa akisahihisha daftari, ukipata anakuwekea ile alama, anasema, sahihi. Wewe huruhusiwi kujiwekea. Siku ile alirudi nyumbani amefurahi. Akaniambia, Fabiola, leo wamenipa kalamu niweke sahihi mimi mwenyewe."

Makarius alitazama karatasi yake. Herufi zilikuwa zimeanza kuogelea.

"Alama zote zimelalia kushoto, mama," alimwambia Bi Agnesi. "Ulimboka anatumia mkono wa kulia. Budeba wa kushoto. Na katika zamu zake zote, ile aliyoumia pekee haina alama. Mtu angezibuni zote siku moja, angejaza na hiyo, kama Ulimboka alivyoijaza ya kwake."

"Alama si jina!" alisema Mzee Elineema.

"Na dole gumba ni jina?" aliuliza Bi Agnesi. "Sahihi ni alama ambayo mtu anaiweka akikusudia kujifunga kwayo. Alikusudia au hakukusudia?"

"Nitajuaje mimi alikusudia nini?"

"Ulikuwapo, mzee," alisema Makarius. "Ulikaa karibu na nyama. Alipouliza, nami nikamjibu, wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Ulitoa kitambaa ukafuta macho. Kisha ukamwona akiinama na kalamu. Sote tulimwona. Hakuna aliyenyanyuka kumwonyesha."

Mzee Elineema alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, labda kilekile, na alipoivaa tena hakumtazama mtu.

"Ningejua ni hivyo..." alianza, akaiacha sentensi njiani. "Nipe karatasi."

Barua iliandikwa saa 4:25. Bi Agnesi aliisoma mara mbili, akapiga muhuri, akamkabidhi Fabiola. Fabiola aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasimama. Alipopita mbele ya Makarius alisimama kidogo.

"Mama, nisamehe," alisema Makarius.

"Mimi sikuvunjika mguu," alisema Fabiola. "Utamwambia mwenyewe. Na umsalimie kwanza."

Akatoka kuwahi basi. Mzee Elineema na Ulimboka walitoka pia, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakiwa na safari ndefu ya pikapu na maneno mengi ya kutoambiana.

Ikabaki ofisi, saa ya ukutani, na watu wawili. Bi Agnesi alivuta trei ya mbao. Alitoa ile barua ya ajira, akailaza mbele yake, akafungua kalamu. Makarius alisimama wima kama mstarini.

"Ungeweza kunyamaza," alisema Bi Agnesi.

"Ndiyo, mama."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Ndiyo, mama."

Aliinamisha kalamu kwenye mstari wa nukta. Ilikuwa safari fupi, mkwaruzo mmoja mfupi na mwingine mrefu. Akaigeuza barua, akaisukuma upande wa pili wa meza. Kwenye mstari, mahali pa sahihi ya Afisa Kazi, palikuwa na alama ya vema.

Makarius aliiinua barua akaisogeza karibu na macho.

"Mama," alisema mwishowe, "hii... ni sahihi?"

Bi Agnesi alikuwa tayari amefungua faili jingine.

"Sahihi ni sahihi," alisema. "Ulisoma wapi wewe?"

Makarius hakucheka. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni pamoja na kalamu zake tatu, akarudi mezani kwake na kuanza kazi.